Mtani Aliyelala Kaburini

Truda,

Sweta umeshaifungasha, ingawa huko unakokwenda hutaihitaji, Tunduru haina baridi yetu hii. Dawa, chaja, namba ya konda, mfuko wa dagaa wa Nyasa wa kumpelekea mama mwenye nyumba, yote hayo shangazi yako ameyasema tangu asubuhi, na ameyarudia mpaka mbwa ameyajua. Mimi siongezi. Na stendi sitakuja. Nikija watu watasimama, shikamoo Mheshimiwa, shikamoo Profesa, wa tiketi atakuhamishia kiti cha mbele, na wewe utanuna safari nzima kwa sababu hutaki kitu kutoka kwangu. Umesema hivyo Jumapili mbele ya shangazi yako. Nimekubali.

Barua hii nimeitia katikati ya kanga ya mama yako, ile ya kijani, maana najua basi likianza kuingiza upepo utaitoa ujifunike. Isome kuanzia mwanzo. Nakujua, wewe husoma hukumu kwa kuanzia mwisho, na ndiyo maana ulianguka mtihani wa kwanza wa uwakili, si kwa sababu ya malaria kama ulivyowatangazia watu.

Unaona? Hata ninapokuaga ulimi unatoka na wembe. Nilitaka kuifuta sentensi hiyo, nimeiacha. Ujue ni nani anayekuandikia.

Nilikutafutia nafasi Dodoma. Ilikuwa simu moja tu, bado wapo wanaopokea simu yangu, wachache. Ukakataa. Ukasema umepata pa kuanzia kwa wakili Twaibu, Tunduru, ofisi ya vyumba viwili nyuma ya soko, kesi za mipaka ya mashamba ya korosho. Nikakuuliza umemjulia wapi. Ukanijibu unacheka: "Baba, si yule mtani aliyelala kaburini siku ya mama? Yule aliyenichekesha." Nikakuambia nenda basi ukabangue korosho, nikatoka nje, nikasimama kwenye mahindi mpaka ulipozima taa ya sebuleni. Ulidhani nimekasirika kwa sababu ya cheo. Wala. Niliogopa. Huwezi kwenda kukaa meza moja na mtu yule ukiwa hujui baba yako alimfanya nini. Yeye hatakuambia. Angetaka, angekuambia siku ile ile ulipokuwa unamcheka.

Ukishajua, shuka njiani pale Namtumbo urudi, au endelea. Hilo ni lako.

Nianze darasani, maana huko ndiko nilikojifunza ubaya, si serikalini kama wanavyodhani watu wanaonionea huruma. Nilikuwa na mtindo wangu. Nikishasahihisha, nachagua jibu bovu kuliko yote, nalisoma mbele ya darasa zima, kwa sauti ya mwenye jibu, na jina lake nalitaja. Wanafunzi walikuwa wanacheka mpaka wanalia, wote isipokuwa mmoja. Nilijiambia ninawakomaza. Uongo. Nilikuwa napenda kile kicheko. Mtu akishaonja kicheko cha watu mia wanaomcheka mwingine, Truda, haachi kwa urahisi.

Siku moja nikasoma jibu la kijana mmoja mwembamba, shati lake limefuliwa mpaka kola imekuwa kama karatasi. Nikafika mwisho, darasa limelala kwa kucheka, akasimama. Akasema kwa adabu: "Profesa, umesoma nusu. Ukurasa wa pili umeugeuza bila kuusoma." Nikageuza. Kweli. Na ukurasa wa pili ulikuwa jibu bora kuliko nililowahi kupewa na mwanafunzi yeyote, hata kuliko yako niliyoyasoma hapa nyumbani. Nikamuuliza anatoka wapi. Mbesa. Myao? Ndiyo, Profesa. Nikapata pa kutokea. Nikasema, kumbe mtumwa wangu huyu, ndiyo maana ana kiburi. Naye hakusita. Akasema Wangoni tangu enzi za babu zenu mnapora ng'ombe na wake za watu, leo umeanza kunipora ukurasa. Darasa likalipuka tena, safari hii na mimi nikacheka.

Wewe umekulia mjini, utani unaujua wa harusini na misibani, wa kuficha viatu vya bwana harusi. Sisi tuliukuta ni sheria. Babu zetu na babu zao waliuana sana, wakachoka, wakaamua badala ya mikuki watarushiana maneno. Mtani anaweza kukuambia lolote, popote, na hanuniwi. Ukinuna, umerudisha vita. Mimi nilikuwa profesa wa sheria, na katika sheria zote nilizozijua hiyo ndiyo pekee ambayo sikuwahi kuona mtu akiivunja.

Kijana huyo ndiye Twaibu, akawa mtoto wa nyumbani. Likizo akikosa nauli ya Tunduru alikuwa anakuja kwetu. Mama yako alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la tatu, Twaibu anamwandikia majina ya watoto juu ya majalada, mwandiko umesimama vizuri kama wa shule za zamani. Wewe alikubeba mgongoni ukiwa hujaota meno. Ukimlilia alikuwa anasema, hata huyu mdogo ameshajua kuwa mimi ni punda wao.

Nilichokuwa nafundisha unakijua, umekisoma kwenye notsi zangu: mtu hahukumiwi kabla ya kusikilizwa. Nilikuwa nawapa mfano wa bibi yako, uliyerithi jina lake. Hakujua kusoma. Alinikuta mkono umo chunguni, nyama imo mdomoni, na bado aliniuliza kwanza, "Una la kusema?" Nikasema sina. Ndipo akanichapa. Wanafunzi walikuwa wanaupenda sana mfano huo. Na mimi nilikuwa naupenda, naona umenifanya mtu mwema.

Kisha nikateuliwa. Simu iliingia nikiwa nasahihisha mitihani, nikauacha mmoja katikati, mpaka leo sijui nani aliumalizia. Nikaanza na unaibu, baadaye nikawa waziri kamili. Nikamchukua Twaibu awe mwanasheria wa wizara. Watu walisema nimembeba. Ukweli nilijibeba mimi. Nilijua sheria ya vitabuni, yeye alijua sheria na watu.

Likaja jambo la kijiji kimoja, sikitaji, si mkoa wetu. Kulikuwa na shamba kubwa la mwekezaji, wakubwa wana haraka, na mimi nina haraka ya kuonekana nina haraka. Ilibakia saini yangu watu wahamishwe. Twaibu akaniwekea dokezo ndani ya jalada, la mkono, ukurasa mmoja: Mheshimiwa, wananchi hawa hawajasikilizwa, nashauri usisaini, sababu ni hizi na hizi. Akanukuu kitabu changu. Nililisoma nimesimama. Nikamwita, nikamwambia maneno ya darasani yana darasa lake. Nikasaini. Nyumba zikavunjwa mahindi yakiwa yamebakiza wiki chache yakauke.

Wale watu hawakukaa kimya. Wakaja mpaka Dodoma, na picha, na mtoto aliyeangukiwa na ukuta. Alikuwa wa kike, wa umri wako wa wakati ule. Wakubwa wakauliza swali moja tu: nani alimshauri Waziri? Kama mwanasheria alionya, aondoke Waziri. Kama hakuonya, aondoke mwanasheria. Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi namna hiyo. Jalada lilikuwa mezani kwangu. Nikachomoa dokezo, nikalikunja mara nne, nikalitia mfukoni, nikaenda nyumbani kula.

Kesho yake kikao cha menejimenti, wakurugenzi wote wamekaa. Nikasema kwa masikitiko kwamba sikuwahi kushauriwa. Twaibu akasimama kama alivyosimama darasani. Akasema: "Mheshimiwa, niliandika. Dokezo lilikuwa kwenye jalada." Watu walikuwa wananiangalia mimi, Truda, si yeye. Laiti mtu mmoja angesema tumsikilize, nisingekuwa na pa kwenda. Nikatafuta mlango, nikaupata ule ule wa zamani. Nikacheka. Nikasema: "Jamani, msimshangae, huyu ni mtumwa wangu tangu enzi za babu. Tangu lini mtumwa akaandika?"

Wakacheka. Kwa raha kabisa, kama watu waliovuliwa kiatu kinachobana. Mkurugenzi mmoja alifuta machozi. Na Twaibu, unajua alifanya nini? Alicheka. Angefanyaje? Mtani hanuniwi. Angenuna angeonekana mtu asiye na malezi, angecheka angeonekana amekiri. Alicheka kidogo, akakaa. Nami nikasema tuendelee na agenda. Ilikuwa juu ya magari.

Hakuitwa kujitetea. Barua ya kumsimamisha niliiandika mwenyewe, ya kumfukuza ikafuata, zote kwa Kiswahili safi.

Dokezo nililichoma siku ile ile ya kikao kwenye jiko la mkaa la mama yako. Alikuwa anageuza maharage. Akaona mwandiko kabla haujakunjamana. Akaniuliza hiyo karatasi ni ya nani, nikasema ya ofisi. Akasema: "Mwenye mwandiko huo amekula kwenye meza hii." Basi. Akaendelea na maharage. Lakini tangu siku ile hakuniita tena Profesa, wala Baba Truda. Aliniita Mheshimiwa. Wewe na shangazi yako mlikuwa mnaona ni mapenzi, mnamtania. Aliniita Mheshimiwa hospitalini, alipokuwa hawezi tena kunywa uji, na ndilo neno lake la mwisho kwangu. Mheshimiwa, niinulie mto.

Twaibu alirudi Mbesa. Ule utani wangu ulifika kabla ya basi lake, utani mzuri hausafirishwi, unakwenda wenyewe. Watoto wa kijijini walimwita Mtumwa wa Waziri. Alipalilia mikorosho ya baba yake kama mtu asiyejua hata kusaini, miaka mingi kabla ya kufungua ofisi yake. Baba yake alifariki akiamini mwanawe aliiba, maana mtu hafukuzwi serikalini bure. Hayo niliyasikia kwa mtu wa Tunduru aliyekuja kuuza korosho sokoni Majengo. Alinisimulia akicheka, hakujua anamsimulia nani. Na mimi nikacheka, nikanunua kilo mbili. Wewe ndiye uliyezila.

Na mimi yakanifika. Nilisikia kutenguliwa kwangu redioni nikiwa na kijiko mdomoni. Dereva alisikia kabla yangu, nilipotoka nikamkuta ameshaondoa bendera. Sikuulizwa kitu. Nikangoja simu wiki nzima, angalau mtu aseme, Profesa, una la kusema? Kimya. Usinionee huruma. Mkuki kwa nguruwe, nilijiambia, nikafungasha vitabu, tukarudi kwetu hapa Msamala. Sasa nalima mahindi, nasimama foleni ya mbolea ya ruzuku, na watu wananipisha mbele kwa heshima. Napita. Sijawahi hata siku moja kukataa kupishwa.

Haya. Siku ya mama yako.

Ulikuwa hujala siku tatu. Jeneza liko kando ya shimo, katekista amefungua kitabu, kwaya imenyamaza. Akatokea mtu nyuma ya watu, kofia kichwani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akavua viatu, akavipanga vizuri kwenye udongo, akateremka kaburini, akalala chali. Watu wakaguna. Mmoja akasema ni Myao huyo, mtani, wakaanza kucheka. Wajomba zako wakatupa noti, kama desturi, atoke. Akazirusha juu moja moja. Akasema hataki hela za Wangoni, ni za wizi. Kisha akaiga sauti yangu, sawasawa, mpaka na kikohozi changu: tangu lini mtumwa akaandika? Na wewe ukacheka mpaka ukashika tumbo, shangazi yako akakushika usianguke. Nilikuona. Namshukuru Twaibu kwa hilo, na ninamchukia kwa hilo.

Akasema: "Sitoki mpaka nisikilizwe. Aje Profesa mwenyewe hapa, aseme nakusikiliza, Twaibu. Maneno mawili tu, nitoke, mama alale."

Nikaenda mpaka ukingoni. Mlikosimama nyinyi hamkuweza kumwona uso. Mimi nilimwona. Hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yale yale ya kijana wa ukurasa wa pili, ila sasa yana mvi juu yake. Alikuwa amenipa nafasi, Truda, nafasi ambayo mimi sikumpa. Alikuwa ameitengenezea mahali ambapo ningeweza kusema yale maneno mawili na watu wangedhani ni mchezo tu. Hakuniomba aibu yangu. Alitaka nimsikilize, basi, ajue kwamba mimi najua. Na mama yako yuko pembeni ndani ya sanduku, anangoja.

Nikageuka kwa watu, nikasema kwa sauti, mtoeni huyo, tangu afukuzwe kazi bei yake imepanda.

Wakacheka sana. Vijana wanne wakamvuta mikono, wakamtoa. Alijikung'uta, akavaa viatu vyake, akaja kwako akakupa pole, akakuambia mama yako aliwahi kumpa chakula. Akakuambia ukimaliza masomo ukikosa pa kuanzia, uende Tunduru. Kwangu hakuja. Mama yako tukamteremsha mahali ambapo joto la mgongo wa yule mtu lilikuwa halijatoka.

Sasa umejua.

Hujui kwa nini amekuita, na mimi sijui. Nimelifikiria sana. Huenda anataka akuzoeshe kazi vizuri ili siku moja unidharau kwa haki. Huenda ni mtu mwema tu, na hilo ndilo linanitisha zaidi, maana na mtu mwema sijui pa kusimamia. Utauliza kwa nini sipandi basi na wewe nikamwambie. Mara mbili mwaka huu nilivaa viatu, nikaaga nakwenda kwa fundi, nikafika stendi. Mara ya kwanza nilinunua maandazi nikarudi. Mara ya pili nilikata tiketi kabisa, nikasikia kijana mmoja ananiita Mheshimiwa, nikanyoosha shingo, nikamsalimia, nikasimama naye kuzungumza siasa mpaka basi likaondoka. Ndivyo nilivyo. Usije ukadhani uzee unamtengeneza mtu. Unamchosha tu.

Kila ukurasa wa barua hii nimeutia saini chini, kama hati ya kiapo. Hakuna ushahidi mwingine duniani kwamba Twaibu aliandika. Ukimpa, ataweza kusafisha jina lake, na jina langu litaingia magazetini, nalo ndilo lako, utaulizwa mahakamani kama wewe ni binti wa yule. Ukiichoma, majiko yapo kila nyumba, hakuna atakayejua, na utakuwa umenirithi. Sikuombi lolote kati ya hayo mawili. Nimeomba vya kutosha maishani, vingi nilipewa.

Naomba jambo moja, na hilo si la kesho.

Siku yangu ikifika, atakuja. Mtani haachi msiba, hata wa mtu wa aina yangu. Atavua viatu, atateremka, atalala. Wajomba zako wataanza kutafuta noti mifukoni. Wazuie. Mtu yeyote asimlipe hata senti, wala asimguse. Nenda wewe mpaka ukingoni, pale niliposimama mimi, umwambie yale maneno mawili kwa sauti watu wote wasikie. Kisha mwache aseme. Akitaka saa nzima, ni yake. Jua likiwaka, liwake. Padre akiangalia saa, mwache aangalie. Na akitokea wa kucheka, mtazame mpaka anyamaze.

Mimi nitakuwa hapo hapo kando ya shimo, nangoja zamu yangu ya kulala, na sitakuwa na mzaha wa kumkatiza.

Baba yako.